Esu, yra, buvo: kitenzi kimoja cha Kilithuania, mizizi mitatu

Anayeanza kujifunza Kilithuania hupata mshangao wake wa kwanza kwenye somo lilelile la kujitambulisha. Anaambiwa kwamba kitenzi cha "kuwa" ni *būti*, kinatamkwa "buuti". Kisha anaandikiwa wakati uliopo: *aš esu*, mimi ni, *tu esi*, wewe ni, *jis yra*, yeye ni, *mes esame*, sisi ni, *jūs esate*, ninyi ni, *jie yra*, wao ni. Anaitafuta *būti* humo, haioni. Akifika wakati uliopita, hiyo hapo imerudi: *buvau*, nilikuwa, *buvo*, alikuwa. Wakati ujao vilevile: *būsiu*, nitakuwa, *bus*, atakuwa. Ni wakati uliopo tu uliojitenga, na hata humo *yra* (isome "iira") haifanani na jirani yake wa juu wala wa chini.

Vitabu vya masomo kwa kawaida huandika kwamba hiki ni kitenzi kisichofuata kanuni, kikaririwe hivyohivyo. Ushauri huo unafaa kwa mtihani, lakini unaficha jambo la kuvutia sana katika lugha hii ya watu milioni 3 hivi kando ya Bahari ya Baltiki. *Esu*, *yra* na *buvo* si sura tatu za neno moja. Ni maneno matatu yenye mizizi mitatu, na kila moja lina historia yake. Mawili kati yake yamefuatiliwa nyuma kwa maelfu ya miaka. La tatu, ambalo Mlithuania hawezi kumaliza mazungumzo mafupi bila kulitamka, wanaisimu wanalibishania mpaka leo.

Msomaji wa Kiswahili anaingia kwenye mjadala huu akiwa na faida, kwa sababu lugha yetu imefanya jambo hilohilo. Tunasema kitenzi chetu ni "kuwa", lakini wakati uliopo tunasema "mimi ni mwalimu". Ukisema "ninakuwa mwalimu", umesema jambo jingine: kwamba unaelekea kuufikia ualimu. Halafu tunayo *-li*, iliyomo ndani ya "aliye", "nilipo" na "Baba yetu uliye mbinguni". Kwa hiyo kitenzi kishirikishi chetu nacho kimekusanywa kutoka pande tatu: "ni", isiyobeba kiambishi chochote cha nafsi, *-li*, inayoeleza hali iliyopo, na *-wa*, yenye maana ya kugeuka na kufikia hali, kama katika "siku hizi amekuwa mtu mzima". Lugha nyingine za Kibantu zinaonyesha mizizi hiyo miwili ya kale waziwazi zaidi. Mnyarwanda husema *ndi* kwa "mimi ni" na *kuba* kwa "kuwa". Mganda husema *ndi* na *okuba*.

Tofauti hiyo ya kukaa katika hali na kufikia hali ndiyo itakayotupitisha kwenye Kilithuania.

Tuanze na *esu*. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kilithuania kilitoka mwaka 1547 mjini Königsberg. Kilikuwa katekisimu ya Martynas Mažvydas. Katika maandishi ya karne hiyo unakutana na *esmi* kwa "mimi ni" na *esti* kwa "yeye ni". Sasa yaweke maneno hayo mawili kando ya yale ya lugha nyingine. Kisanskriti cha India kina *asmi* na *asti*. Kigiriki cha kale kina *eimi* na *esti*. Kilatini kina *sum* na *est*. Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye mabamba ya udongo huko Anatolia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kina *ēšmi* na *ēšzi*. Kijerumani cha leo kina *ist*. Kiajemi, lugha iliyotuachia neno "bandari", bado husema *ast*. Hizi zote ni lugha za familia ya Kihindi-Kiulaya, na mzizi wake hapa ni uleule, *es-*, wenye maana ya kuwepo na kuendelea kuwepo.

Mtu akiuliza kwa nini leo wanasema *esu* badala ya *esmi*, jibu liko kwenye mwisho wa neno. Zamani kulikuwa na kundi la vitenzi vilivyoishia *-mi* katika nafsi ya kwanza: *eimi*, naenda, *duomi*, natoa, *esmi*, mimi ni. Vitenzi vingine vingi viliishia *-u*: *dirbu*, nafanya kazi, *nešu*, nabeba. Walio wengi waliwavuta wachache. *Eimi* ikawa *einu*, *duomi* ikawa *duodu*, na *esmi* ikawa *esu*. Mzizi haukuguswa, ni mkia tu uliobadilishwa.

Mzizi wa pili, *bū-*, haukuanza na maana ya "kuwa". Maana yake ya kale ni kuota, kukua, kutokea. Kigiriki kiliihifadhi vizuri katika *physis*, yaani maumbile, vile vitu vinavyoota na kukua vyenyewe. Neno "fizikia" limetoka humo, kwa hiyo jamaa wa *būti* yumo kwenye ratiba ya kila shule ya sekondari ya kwetu. Kisanskriti kina *bhavati*, anakuwa. Kilatini kina *fui*, nilikuwa. Kirusi kina *byt'*, kuwa, na *byl*, alikuwa. Kiajemi kina *budan*, kuwa, na *bud*, alikuwa. Kwa maneno mengine, Mwajemi na Mlithuania, ambao hawajawahi kupakana, wamebeba jozi ileile: mmoja ana *ast* na *bud*, mwingine alikuwa na *esti* na anayo *buvo*. Hata Kiingereza kinayo jozi hiyo, katika *is* na *be*.

Hapa inafaa kuuliza tunajuaje kwamba *bū-*, *phy-*, *fu-* na *bhū-* ni kitu kimoja, wakati sauti za mwanzo zinatofautiana. Tunajua kwa sababu zinatofautiana kwa utaratibu. Chukua neno la kaka. Kilithuania: *brolis*. Kigiriki: *phrater*. Kilatini: *frater*. Kisanskriti: *bhrātar*. Pale Kilithuania kinapoweka *b*, Kigiriki kinaweka *ph*, Kilatini *f*, Kisanskriti *bh*, na mpangilio huo unajirudia neno baada ya neno. Ushahidi wa undugu wa lugha ni huo, wala si kufanana kwa juujuu. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna mtego mbele ya msomaji wetu: *kuba* ya Kinyarwanda na *būti* ya Kilithuania zote zina *b* na zote zina maana ya kuwa. Mtu anaweza kushawishika kuzitangaza ndugu. Hazina undugu. Hakuna mpangilio wa sauti unaoziunganisha lugha za Kibantu na za Kihindi-Kiulaya, na maneno mafupi ya silabi moja hugongana kwa bahati tu katika lugha yoyote.

Kinachozikutanisha ni mgawanyo wa kazi, na huo kwangu una uzito kuliko kufanana kwa sauti. Katika lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya, *es-* ilieleza hali inayoendelea, nayo haikuwa na umbo la kueleza tukio lililotokea na kwisha. Nafasi hiyo ilijazwa na mzizi wa kutokea na kukua. Taratibu mizizi miwili ikaungana kuwa kitenzi kimoja: wakati uliopo ukabaki na *es-*, wakati uliopita, ujao na kitenzi-jina vikachukua *bū-*. Sasa tazama Kiswahili. Wakati uliopo: "ni", "yuko", "aliye". Wakati uliopita, ujao na kitenzi-jina: "alikuwa", "atakuwa", "kuwa". Mpaka umepita palepale, katika lugha mbili zisizo na ukoo wowote. Aliyepo anakaa tu katika hali yake, lakini aliyekuwa na atakayekuwa wanatazamwa kama watu walioifikia hali au watakaoifikia. Sidhani kama ni bahati.

Na mzizi wa kuwa hauishii hapo, huweza kugeuka kuwa alama ya njeo. Wanaisimu wengi wanaona kwamba *-li-* ya "nilipenda" ni *-li* ileile ya "aliye", iliyogandishwa katikati ya kitenzi kingine. Kilatini kilifanya vivyo hivyo kwa mzizi wa *būti*: katika *amabam*, "nilikuwa nikipenda", ile *-ba-* inatokana na mzizi huu wa *bhū-*.

Sasa tufike kwa *yra*.

Kilithuania kina sifa kubwa miongoni mwa wanaisimu. Mwanaisimu Mjerumani Franz Bopp alipochapisha sarufi yake ya ulinganishi mjini Berlin kuanzia mwaka 1833, alikiweka Kilithuania pamoja na Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini, lugha zenye maandishi ya zamani mno, ingawa chenyewe kilikuwa na maandishi ya miaka chini ya 300. Mjerumani mwenzake, August Schleicher, alisafiri mwaka 1852 mpaka Prussia Mashariki, akakaa na wakulima Walithuania akijifunza lugha kutoka vinywani mwao, na mwaka 1856 akatoa sarufi yake. Kilichowavuta ni kwamba wakulima wale walikuwa bado wakitamka miishio ya maneno ambayo lugha nyingi za Ulaya zilikwisha kuipoteza. Kutokana na sifa hiyo umezagaa usemi kwamba Kilithuania ni "lugha ya kale kuliko zote za Ulaya". Usemi huo haufai. Kila lugha inayorithishwa kutoka mzazi hadi mtoto ina umri sawa na wenzake. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Kilithuania kimetunza mengi.

Lakini kimetunza mengi, si yote, na ushahidi uko kwenye neno hilihili linalotumika kutwa kucha. *Esti*, neno ambalo Mgiriki wa kale angelielewa bila mkalimani, limesukumwa pembeni. Lipo kwenye kamusi, unalikuta katika maandishi ya mtindo wa juu, lakini mtu wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, akitaka kusema "ni" husema *yra*. Na *yra* haina mwenzake wa wazi katika Kisanskriti, Kigiriki wala Kilatini. Jirani pekee anayeonyesha jambo kama hilo ni Kilatvia, kinachosema *ir*. Kiprusi cha kale, ndugu wa tatu wa lugha za Kibaltiki, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 18, kilikuwa kikisema *ast* katika katekisimu zake za karne ya 16. Kwa hiyo mababu wa pamoja walikuwa na *esti*, na *yra* ilipanda baadaye huko kwa Walithuania na Walatvia. Katika maandishi ya zamani ya Kilithuania unayaona maneno yote mawili yakiishi pamoja.

Ilitoka wapi? Maelezo yanayojadiliwa zaidi ni mawili. La kwanza linasema *yra* hapo mwanzo ilikuwa nomino yenye maana ya "kuwepo", na watu wakaitumia kama sisi tunavyosema "kuna". La pili linasema ilikuwa neno dogo la kukazia au kuonyesha, lenye uhusiano na *ir*, "na" ya Kilithuania. Yote mawili yana nguvu moja inayofanana: yanaeleza kwa nini *yra* haina mwisho wa kawaida wa kitenzi. Kwa msomaji wa Kiswahili, hoja hiyo haina ugeni. "Ni" yetu nayo haichukui nafsi wala njeo. Mimi ni, wewe ni, wao ni, daima "ni". Neno dogo lisilo kitenzi kukalia kiti cha kitenzi ni jambo tunalolifanya kila siku.

Ipo dalili nyingine inayonivutia. Ingia duka la Vilnius uulize: *Ar yra duonos?* Mkate upo? Muuzaji atajibu kwa neno moja, *Yra*, upo, au *Nėra*, haupo. Hapo *yra* imebeba maana nzima, haiondoleki. Lakini katika sentensi ya kumtambulisha mtu, inaweza kudondoshwa bila hasara: *Mano brolis mokytojas*, kaka yangu mwalimu, kama sisi tunavyosema mitaani bila "ni". Neno likiwa na nguvu katika kazi moja na legelege katika nyingine, ni halali kushuku kwamba kazi ile ya kwanza ndiyo kongwe. Kama ni hivyo, *yra* ilianza kama "ipo" ndipo ikatanuka kuwa "ni".

Pia *yra* haitofautishi mmoja na wengi: *jis yra*, yeye ni, *jie yra*, wao ni. Hili halitokani na upekee wa *yra*. Lugha za Kibaltiki zimepoteza tofauti ya umoja na wingi katika nafsi ya tatu ya vitenzi vyote: *jis dirba*, anafanya kazi, *jie dirba*, wanafanya kazi. Kisanskriti kilikuwa na *asti* na *santi*, Kilatini *est* na *sunt*, Kijerumani kina *ist* na *sind*. Kilithuania, mtunzaji wetu hodari, hiki kilikiacha kipotee.

Mahali pazuri pa kuliona jambo la kale likiwa bado linatumika ni kwenye Sala ya Bwana. Walithuania Wakatoliki husali *Tėve mūsų, kuris esi danguje*, Baba yetu uliye mbinguni. *Esi* na *-li-* zimekaa sehemu moja ya sala, zote zikiwa mzizi wa kukaa katika hali. Kisha wanaendelea: *teesie šventas Tavo vardas*, jina lako litukuzwe, na baadaye *teesie Tavo valia*, utakalo lifanyike. *Teesie* ni *es-* yenye kiambishi awali cha kutakia *te-* na mwisho wa kale *-ie*. Katika maongezi hakuna anayesema hivyo. Akitaka kusema "na iwe" kwa lugha ya kawaida, anachukua mzizi mwingine: *tebūnie*. Sala imebaki na umbo ambalo mdomo wa kila siku umeshaliacha, kama "uliye" inavyosikika zaidi kanisani kuliko sokoni.

Kwa anayetaka kukizungumza, ugumu hauko kwenye historia bali kwenye kuchagua kati ya *esu* na *būnu*. Ndiyo, *bū-* nayo imejitengenezea wakati uliopo wake: *būnu*, *būni*, *būna*. *Esu namie* ni "niko nyumbani", sasa hivi. *Vakarais būnu namie* ni "jioni huwa niko nyumbani". "Huwa" ndiyo tafsiri yenyewe, tena kwa mzizi wetu wa *-wa*, na nadhani Mswahili atalishika somo hili haraka kuliko Mwingereza. Mlithuania akisikia umevunja kikombe au umekosa basi, atakwambia *taip būna*, ndivyo huwa. Kwa mazoea yaliyopita wanalo umbo lake, *būdavo*: *vasarą būdavome pas močiutę*, wakati wa kiangazi tulikuwa tukikaa kwa bibi. Umbo hilo la *-dav-* ni uvumbuzi wa Kilithuania chenyewe. Kilatvia hakina, na lahaja ya Žemaitija, magharibi mwa nchi, hutumia neno la pembeni *liuob* badala yake.

Wakati uliopita una ujanja mmoja wa kuuangalia. *Jis buvo mokytojas* na *jis buvo mokytoju* zote ni "alikuwa mwalimu". Ya pili imebadilisha mwisho wa nomino kuwa ule wa ala, mwisho unaotumika kusema "kwa kisu" au "kwa basi", na inadokeza kwamba ualimu ulikuwa kazi ya kipindi fulani. Na *nėra*, ambayo ni *ne* na *yra* zilizoungana, hulazimisha kitu kinachokosekana kichukue umbo la umilikaji: *pinigai* ni pesa, lakini *pinigų nėra*, pesa hakuna.

Wasimulizi wa ngano za Kilithuania wana fomula ya kumalizia hadithi za harusi na karamu: *Ir aš ten buvau, alų midų gėriau, per barzdą varvėjo, burnoj neturėjau*. Nami nilikuwepo, nikanywa bia na pombe ya asali, ikachuruzika kwenye ndevu, mdomoni haikuingia kitu. Hiyo *buvau* ni mzizi wa kuota na kutokea, nayo imelala raha mstarehe kwenye maana ya "nilikuwepo" bila mtu yeyote kukumbuka mimea.

Mzizi huo umezaa sana. *Butas* ni nyumba ya ghorofani ya kupanga au kumiliki, *būdas* ni tabia au namna, *buitis* ni maisha ya kila siku ya nyumbani, *būklė* ni hali, *buvęs* ni "wa zamani" kama katika mume wa zamani, na *būsimas* ni mtarajiwa. *Pribuvėja*, kutoka *pribūti*, kuwasili, ni mkunga: yule anayewasili. Majina ya njeo zenyewe katika sarufi yametokana na kitenzi hiki na kugawanyika kufuata mizizi yake: wakati uliopo ni *esamasis*, kutoka *es-*, uliopita ni *būtasis* na ujao ni *būsimasis*, kutoka *bū-*.

Kisha kuna maneno mawili ambayo mgeni atayasikia siku ya kwanza. *Gal* ni "pengine", na ikiungana na *būt*, kifupi cha *būti*, inakuwa *galbūt*, labda. *Būtinas* ni kitu cha lazima, na *būtinai* ni "lazima, bila kukosa". Muulize rafiki *Ar rytoj būsi?*, kesho utakuwepo? Akijibu *galbūt*, usimpikie bado. Akijibu *būtinai*, mtengee sahani.